Mfupa Umeunga, Mtu Bado

Katika Kiswahili kitenzi kimoja hubeba mizigo mingi. Tawi huvunjika, chungu huvunjika, baraza huvunjika watu wakaenda zao, na mguu wa mtu huvunjika akalazwa. Moyo nao huvunjika. Walioiacha lugha hii hawakuona haja ya kuutafutia moyo kitenzi chake wenyewe, na haikuwa kwa uhaba wa maneno. Yumkini waliona kwamba mfupa na moyo aghalabu huvunjika kwa pigo moja. Lakini mfanano wao unakomea hapo. Mguu uliovunjika hupigwa picha, hunyooshwa, hufungwa, na siku zake huhesabiwa. Moyo uliovunjika pamoja nao haupigwi picha wala haupewi siku. Huachwa ujiendee nyuma ya mguu, kana kwamba mfupa ukishaunga, na wenyewe utakuwa umeunga.

Mtu mmoja wa kaskazini ya Pemba, mchumaji wa karafuu, alikaa muda mrefu katika pengo hilo, baina ya siku mguu wake ulipounga na siku yeye mwenyewe alipoanza kupona. Jina lake halina haja ya kutajwa. Katika kisiwa kile wapo wengi walioanguka kama yeye, na yaliyompata yeye yamewapata wengi ambao hawakuyasema.

Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha iliyo mingi ya Pemba, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la zao hilo. Anayeijua karafuu kwa harufu yake ndani ya pilau huenda asiwe na habari ya urefu wa mti wake. Mkarafuu mkongwe hupita mita 10, na karafuu zake huchumwa kwa mkono, kichala kwa kichala, kabla ua halijafunguka. Vichala vilivyo vizuri hukaa kwenye ncha za matawi, pale jua linapovipata. Mchumaji huvivuta kwa kigoe, mguu mmoja ukiwa kwenye panda na wa pili ukitafuta pa kukaa. Na mti wenyewe si wa kutegemewa. Lipo tawi la mti mwingine linaloweza kupinda au kulia kabla halijakatika. La mkarafuu hukatika papo hapo.

Mtu huyo alikuwa hodari wa kazi hiyo tangu ujana wake. Akiwa na umri wa miaka 43 bado aliitwa pale vijana walipokwama, hasa kwenye miti mirefu ambayo wenye mashamba walichelea isipitwe na msimu. Siku aliyoanguka haikuwa na dalili yoyote. Hapakuwa na mvua wala upepo; hakuwa na njaa wala usingizi. Tawi lilisema neno moja tu, naye akajiona chini. Mfupa wa paja la kulia ulikatika katikati.

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, na kwa mtu mzima huchukua kiasi cha miezi mitatu, au zaidi, kuunga. Alilazwa chali, mguu ukivutwa kwa kamba iliyoning'inizwa uzito mwishoni mwa kitanda, ili misuli ya paja isizipandanishe ncha za mfupa. Majuma yakapita, akafungwa plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo, akarudishwa nyumbani. Katika muda wote huo kila mtu alijua la kufanya juu ya paja. Daktari alijua, muuguzi alijua, mkewe alijua namna ya kumgeuza ili mgongo usichubuke. Hata karafuu yenyewe ilitoa msaada wake: mama yake alimsinga kiuno kwa mafuta ya karafuu, na kweli mafuta hayo yana kiini cha kutia ganzi ambacho madaktari wa meno hukitumia hadi leo.

Wageni walikuja kwa makundi, kama ilivyo desturi njema ya watu wa mwambao. Walileta machungwa, walileta sukari, na wote walileta maneno. "Pole, bwana. Mshukuru Mungu, wenzio wakianguka hawanyanyuki." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na waliyoyasema walimtakia kheri. Lakini kila moja lilikuwa kama kifuniko juu ya chungu. Mtu akishaambiwa ashukuru, akifungua kinywa kusema kuwa ndani yake mna kitu hakijakaa sawa, ataonekana anakufuru. Kwa hivyo alijibu "Alhamdulillahi", na alikuwa mkweli katika jibu lake, kisha akanyamaza na hicho kingine.

Neno "pole" lenyewe lina zaidi ya lile linalosikika. Ni neno la kumliwaza aliyefikwa, na pia ni mwendo: mpole ni asiye na papara, na polepole ndiyo hatua ya kobe. Anayemwambia mgonjwa "pole" humpa, kwa kujua au kwa kutojua, ruhusa ya kwenda taratibu. Masikitiko ni kuwa ruhusa hiyo mara nyingi hutolewa kwa neno la kwanza na kunyang'anywa kwa neno la pili. Daktari aliuliza panauma wapi. Mwenye shamba aliuliza atarudi lini. Waliodhani kuwa amefanyiwa husuda waliuliza ni nani aliyemwonea kijicho. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje.

Usiku ndio uliouliza. Kila alipoanza kusinzia, tawi lilikatika tena, naye akazinduka ameshika ukingo wa kitanda. Mchana, nazi ikianguka uani au kuni ikivunjwa jikoni, mwili mzima ulishtuka kabla akili haijatambua ni sauti ya nini. Wahenga walikwisha kuliona hilo: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo hutumiwa sana kumcheka mwoga, ilhali ukiisikiliza vizuri haimcheki mtu. Inaeleza kwa usahihi kuwa mwili una kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo haiombi idhini ya mwenyewe. Utabibu ulichelewa kufika hapo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wapo askari waliorudi wakitetemeka wakaitwa waoga. Ni mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoiingiza hali hiyo katika orodha yao rasmi ya maradhi, baada ya kuyaona yaliyowapata waliorudi kutoka Vietnam. Leo inafahamika kuwa vita si sharti. Ajali ya gari yaweza kuileta, moto waweza kuileta, na anguko la mtini pia.

Hata hivyo woga haukumuuma mtu huyo kama ilivyomuuma safu. Dini imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi: asiyeweza kusimama na aswali ameketi, na asiyeweza kuketi na aswali amelala. Alilijua hilo tangu utotoni na aliwafundisha wanawe. Hogo lilipofunguliwa, paja lilikuwa limesinyaa na goti limekaza, halikunji kiasi cha kusujudu. Msikitini palikuwa na viti mwishoni mwa safu kwa ajili ya wazee. Ijumaa ya kwanza alikwenda, akaketi hapo kando ya mzee aliyepita miaka 80. Watu waliposhuka kusujudu, wao wawili walibaki juu, kama vigingi maji yakishakupwa. Ijumaa iliyofuata aliswali adhuhuri nyumbani, akamwambia mkewe kuwa mguu unamuuma. Mguu haukuwa ukimuuma. Miezi minne ikapita hivyo. Ruhusa ya Mungu haikumtia aibu hata chembe. Kilichomtia aibu ni macho ya watu, na katika macho hayo makali kupita yote yalikuwa yake mwenyewe.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni ya mwanakijiji asiyejua elimu ya mwili, na kwamba mtaalamu yasingempata. Basi na atazamwe mtaalamu. Mwaka 1974 Oliver Sacks, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu, mzaliwa wa London aliyefanya kazi New York, alipanda mlima peke yake nchini Norway. Huko juu alikutana na fahali, akakimbia, akaanguka, na mshipa unaoushikiza msuli wa paja la kushoto kwenye goti ukakatika. Aliufunga mguu kwa mwavuli wake kuwa gango, akajiburura kuteremka kwa masaa mengi hadi wawindaji walipomkuta. Alipasuliwa London, na upasuaji ukafanikiwa. Kisha likazuka jambo ambalo hakulitarajia: mguu uliolala ndani ya plasta haukuwa wake. Aliuona kwa macho, lakini hakuuhisi kuwa ni kiungo chake. Ulikuwa kama kitu kigeni kilichowekwa kitandani. Alipolieleza hilo, daktari aliyempasua hakulitilia maanani. Kwa mpasuaji, mshipa umeshonwa na kazi imekwisha.

Kitabu ambacho Sacks alikiandika juu ya mguu huo kilitoka mwaka 1984. Mtu aliyekuwa na elimu ya ubongo na mishipa, na kalamu iliyomtii, alihitaji miaka 10 kulisimulia anguko moja. Itakuwaje kwa mtu wa Pemba ambaye hata hakuulizwa?

Katika masimulizi yake Sacks anataja namna hatua zilivyomrudia. Alipokuwa akijifunza upya kutembea, akiuamrisha mguu nao haumsikilizi, ghafla ulimjia kichwani muziki wa Mendelssohn, na mguu ukaanza kwenda kwa mapigo ya muziki ule. Ulifuata mahadhi kabla haujafuata amri. Watu wa mwambao hawana la kushangaa hapo. Makasia hupigwa kwa wimbo na jarife huvutwa kwa wimbo, si kwa anasa, bali kwa kuwa viungo vilivyochoka husikia mahadhi wakati havisikii tena neno la nahodha.

Mchumaji huyo hakupata kumsikia Mendelssohn. Alikuwa msikilizaji wa mashairi ya redioni, na mizani alizijua kwa sikio kabla hajajua kuzitaja. Siku za magongo alianza kuzihesabu hatua zake: nane kutoka kitandani hadi mlangoni, akatua, nane kutoka mlangoni hadi penye mtungi, akatua. Ukwapi na utao. Mshororo mmoja ulimfikisha majini, na mshororo wa pili ukamrudisha. Siku moja alichoka njiani, hatua ya sita ikagoma, akaegemea ukuta. Mwanawe mkubwa akatoka mbio kumshika. "Wacha," akamwambia, "leo shairi limekuwa guni." Nyumba nzima ikacheka. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu aanguke.

Kutoka hapo miguu ilizidi kupata nguvu, lakini ilikwenda pale tu ambapo hofu iliiruhusu. Wataalamu wa maumivu wamelichunguza sana jambo hili tangu miaka ya 1990. Maumivu huzaa hofu. Hofu humzuia mtu kujongea. Kutojongea hudhoofisha misuli. Na misuli dhaifu huleta maumivu mapya. Utafiti wao, hasa juu ya wenye maumivu sugu ya mgongo, umeonyesha kuwa hofu ya maumivu yaweza kumlemaza mtu kuliko maumivu yenyewe. Dawa wanayoipendekeza haina siri: mtu asogezwe karibu na kile anachokihofia kidogo kidogo, kwa ridhaa yake, leo hatua moja na kesho mbili, mpaka mwili ushuhudie wenyewe kuwa haukudhurika.

Alichokihofia yeye kilikuwa kimemzunguka pande zote. Ni vigumu mtu wa Pemba kutoka nyumbani asipite chini ya mikarafuu. Alijitafutia njia ya bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, njia ya matope na matuta iliyo mbaya kabisa kwa mtu mwenye gongo. Alipoulizwa sababu, alisema kuwa bondeni kuna upepo. Hakuna aliyebishana naye.

Msimu uliofuata karafuu zilibeba vizuri, na nyumba ilikuwa na deni. Mwanawe alikuwa na miaka 18. Jioni moja alisimama mlangoni, kigoe mkononi, akasema, "Baba, kesho nakwenda kuchuma." Baba hakujibu. Asubuhi alipotoka, alimkuta baba yake keshavaa, amesimama njiani. Njia ile ya mikarafuuni.

Kijana alipanda. Baba alibaki chini, mikono yote miwili juu ya gongo, jasho likimtoka na jua halijawa kali. Mara akaona mguu wa mwanawe unalielekea tawi moja la upande wa mashariki. "Usilikanyage hilo," akasema. "Litazame hapo lilipoungana na shina." Kijana akatazama. Palikuwa na ufa mwembamba, na gome lake limebadilika rangi. "Shuka kwanza."

Walikaa kitako chini ya mti, na hapo ndipo aliposimulia, kwa mara ya kwanza, yote. Alieleza alipoweka mguu wa kushoto, alipoweka wa kulia, na sauti ya tawi. Kisha akafika mahali ambapo kwa miezi kadhaa alikuwa akipageuzia mgongo. Watu walikuwa wakimwambia kuwa aliponea chupuchupu kwa sababu ulimi wake bila shaka ulimtaja Mola alipokuwa hewani. Naye aliitikia. Ukweli ni kuwa hakuwa amemtaja Mola, wala hakuwafikiria watoto, wala mama yake. Katika muda ule mfupi baina ya tawi na ardhi aliwaza jambo moja tu: kigoe alichokuwa nacho kilikuwa cha kuazima, na kitavunjika.

Hilo ndilo lililokuwa chini ya kifuniko. Kila aliyemhimiza kushukuru alimkumbusha kuwa mlangoni pa mauti aliwaza kijiti cha mtu. Alijiona mtu mdogo, asiyestahiki dua alizokuwa akiombewa. Paja lilikuwa likiunga, naye alikuwa akijihukumu.

Mwanawe alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Kigoe cha nani, baba?"

"Cha jirani."

"Kilivunjika?"

Baba akafikiri. "Hakikuvunjika."

Wakatazamana, wakacheka hata machozi yakawatoka. Wachumaji wa mti wa pili wakadhani wameona nyoka akikimbia.

Itakuwa kosa kusema kwamba baada ya kicheko hicho mtu alipona. Hakupata kupanda tena mkarafuu. Goti halikukunja likarejea lilivyokuwa, na zipo nyakati nazi ikianguka bado hushtuka. Lakini lile anguko, ambalo lilikuwa likimjia usiku bila ya kuitwa, sasa alikuwa amelitoa mwenyewe mchana, likamsaidia mtu. Vijana wa jirani walisikia habari ya ule ufa, wakaanza kumwita aikague miti kabla hawajapanda. Alikuwa akisimama chini, akitazama maungio ya matawi kwa uangalifu wa mtu aliyelipa ili ajue. Jioni alikaa penye majamvi, akizigeuza karafuu zikauke sawasawa, akinusa upepo. Mara nyingi alisema "anueni" kabla ya tone la kwanza.

Hapo watu hutaja ile methali kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali ya haki, ila ni rahisi mno kinywani mwa mwenye koleo zima. Haisemi kwamba mhunzi hana haki ya kulilia koleo lake kwanza. Mchumaji yule alikuwa na jina mtini, na jina hilo lilikufa. Hakuna kazi ya jamvini inayolifufua. Alichokipata ni jina la pili, na ilimbidi alizike la kwanza ndipo la pili liweze kuitika. Wengi wanaohimizwa wawe imara hunyimwa fursa ya maziko hayo. Huambiwa wasonge mbele wakati maiti bado iko ndani.

Ijumaa moja alirejea msikitini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye viti. Yule mzee wa miaka 80 na zaidi alisogeza kiti chake kidogo kumpisha, akasema, "Umechelewa, mwanangu." Hakusema zaidi. Imamu akakimu, safu zikanyooshwa, na kiti kikahesabiwa katika safu, kama kilivyokuwa kikihesabiwa siku zote.

Visiwani kila msimu wapo wanaoanguka, na barabarani bodaboda huwaangusha wengine wengi ambao hawajapata kuuona mkarafuu. Wataletewa machungwa na dua, na vyote viwili ni vyema. Lakini aliyevunjika mfupa ana anguko lake ambalo bado halijatua, na haliwezi kutua mpaka litolewe kwa maneno. Anayekwenda kumtazama, akishasema "pole", na amuulize ilikuwaje. Kisha na akae kimya, ampe muda, hata jibu likianza na jambo dogo lisilo na maana, kama kijiti cha kuazima.